Sauti Ilibaki kwa Bendi

Naruhusiwa kuongea, lakini siruhusiwi kuimba. Sauti ya kuimba ni mali ya bendi iliyoisajili, na bendi yangu, Kutu, ilinifukuza mwezi wa tatu. Nikianza wimbo wowote, kidude nilichopachikwa kooni siku ya usajili huizima sauti, nabaki kupanua mdomo kama samaki.

Kusajili nilishauri mimi. Tulikuwa tunapiga roki kwenye gereji moja hapo Voi, niliogopa wanaume watatu niliopiga nao wangeniacha njiani. Nikasema kila mtu aandikishe chombo chake kwa jina la bendi. Wao wakaandikisha magitaa na ngoma, mimi nikaandikisha koo.

Tulipoanza kujaza viwanja, Kilonzo wa gitaa akataka tuimbe matangazo ya sabuni. Nikakataa katakata. Wakapiga kura ya kunifukuza, watatu kwa mmoja. Gitaa jipya lipo dukani, koo jipya halipo.

Jana asubuhi nilikuwa namwogesha binti yangu Mghoi kwenye beseni.

"Mama, niimbie."

"Koo linaniuma, mwanangu," nikasema, kama ninavyosema kila siku.

Redio ya jirani ikaanza tangazo la sabuni ya watoto. Mashine ya bendi ilikuwa ikiimba kwa sauti yangu waliyobaki nayo, laini mno, wimbo nisioujua. Mghoi akageukia dirisha, povu likimtiririka usoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "mwambie huyo aje aniogeshe yeye."