Nyumba Isiyohesabu

"Chuma hakiliwi na mchwa, Mama Shani," alisema Ngwale, wakala wa viunzi vya nyumba. "Siku mbili nyumba imesimama. Hiyo ya miti na udongo utaikandika kila masika mpaka uzeeke."

"Nitaikandika."

"Basi hata ya tofali?"

"Tofali nazo mnazitegea vipimo kwenye msingi."

Kila nyumba mpya ilijua uzito wa waliolala ndani yake, na asubuhi iliripoti serikalini. Mtu akitimiza miaka sabini alipelekwa Makao ya Wazee, na ukimficha, sakafu ilisema. Miti na udongo tu ndivyo havikusema kitu. Mama yake Mama Shani angetimiza sabini mwezi ujao.

Jumamosi majirani walikuja kukandika. Hakuna aliyeuliza kwa nini chumba cha nyuma hakina dirisha. Walianza na hicho. Bibi huyo mwenyewe alikalia kinu kilichopinduliwa, akiwaonyesha kwa fimbo palipobaki matundu.

Mara Ngwale akatokea. Mama Shani akasimama mlangoni, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni.

"Umekuja kutuhesabu?"

Ngwale alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye udongo na kuanza kuukanyaga pamoja na wengine. Alipomkaribia Mama Shani, akainamisha kichwa.

"Nyumba yangu ni ya chuma, dada," alisema polepole. "Baba analala bandani, na kuku."