Kaburi la Nyumbu

Nyamizi aliingia chumba cha nyaraka na kitambaa cheupe cha kufungia udongo wa kaburi la babu yake, Mihambo, aliyekamatwa akabebeshwe mizigo ya vita vya wazungu, asirudi. Kwa kukosa udongo huo, ukoo haukuwahi kumwekea matanga.

Karani alisoma daftari la kikosi kilichomchukua. "Nyumbu wa kupandwa wa afisa, jina lake Roza, alikufa Jumanne alfajiri. Amezikwa chini ya mkuyu, kwenye kivuko cha mto."

"Na wapagazi?"

"Walikufa arobaini. Homa."

"Wamezikwa wapi?"

"Haikuandikwa, bibi. Wala majina."

Nyamizi alikikunja kitambaa, kisha akakikunjua tena.

"Niandikie huo mkuyu ulipo, mwanangu," alisema. "Huyo nyumbu hakujizika."