Mzigo Usiopokelewa

Jirani yangu, Mama Siwema, anadai mlango wa lori la kaka yake ulifunguka wenyewe baada ya kumfungia ndani mwezi mzima. Siamini. Sheria ni kwamba dereva wa lori la friji hatoki ndani yake mpaka mzigo upokewe, na samaki wa mume wangu, Anyosisye, wamekataliwa mpakani kwa sababu alizima friji saa nzima mlimani ili abane dizeli. Leo ni siku ya arobaini na tatu nikimpitishia ugali kwenye upenyo wa dirisha la lori lililorudi naye nyumbani.

"Umekonda, mama," ananitania.

"Nani kakonda? Mkono wako sasa unapita mpaka begani."

Nabonyeza kitufe cha kuongea na lori. "Naomba niwapokee mimi hao samaki. Waozee kwangu. Mfungulie."

Friji inanguruma tu.