Mgeni wa Sebuleni

Tangu bustani ya wanyama ya jiji ivunje vizimba vyake, sheria iliitaka kila nyumba imtunze mnyama mmoja. Mwanaidi alipangiwa fisi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Huyu alikuwa ametimiza mwezi wa tisa, na jembe angelitafuna hadi mpini. Alikojolea makochi ya harusi. Utumbo wa ng'ombe wa chakula chake ulivujisha maji ya kijani ndani ya friji, yakadondokea sufuria ya uji wa mtoto. 

Asubuhi moja alikuja mkaguzi. Akainusa sebule, akatabasamu.

"Ana raha huyu, mama. Ila na chumba cha kulala mwachieni. Ninyi mnalala wapi siku hizi?"

"Uani," alisema Mwanaidi, akitema mate dirishani.

Huko walijibanza ndani ya kizimba kimoja cha zamani walichookota bustani ilipovunjwa. Juu walitandika turubai. Mtoto alilala ubavuni mwa nondo. Mkaguzi akakipima kwa futi kamba, akaandika.

"Kinatosha," alisema. "Fisi wanne waliishi humu miaka kumi, na hatukusikia lalamiko."