Dubu na Pande Mbili za Mlima

Mniwie radhi, hekaya hii nitaisimulia vibaya. Nzuri wameshazimaliza wenzangu. Dubu, mpenda sifa, alitawala pande mbili za mlima wa theluji. Alipokwenda kusini kuvishwa taji, nguruwe wa kaskazini walimtawaza mwenzao. Aliporudi mbio kumng'oa, mbweha wa kusini wakamfungia malango.

Akavuka tena, akihema. “Nyie mbweha, mfalme wenu nani?”

“Wewe, Baba! Hasa ukiwa kule.”

Kaskazini nguruwe wakampigia ngoma. “Karibu, Mtukufu! Unaondoka lini?”

Basi akaketi kileleni, akitetemeka, awaone wote. Uasi ukakoma. Wote walimtii kabisa, kwa kuwa amri zake hazikumfikia yeyote.

Mnamcheka Dubu? Mimi wake wawili niliwataka mwenyewe, na haya nayaandikia barazani, kwenye baridi ya usiku.