Risasi Ndefu

Tulikuwa tumeshaliacha gari nyuma, tunakatiza nyasini kuelekea kichakani, shemeji, mume wa dada yetu, alipotuonyesha risasi zake mpya, ndefu na nzito.

"Za nini hizi?" kaka yangu akamcheka. "Nyati tunawaangusha kwa fupi miaka yote. Au leo unawinda treni?"

"Cheka tu, shemeji. Nyama utakula."

Kaka akazunguka, akakaa ng'ambo ya kichaka kumzuia mnyama asitoroke. Ndivyo tulivyozoea, wala hatukuogopa, kwa sababu risasi zetu za zamani ziliishia ndani ya nyati.

Nyati akatokea ubavu wazi. Shemeji akafyatua.

Mnyama akapiga magoti, akitoa damu puani. Nyuma yake nikamwona kaka amekaa kitako, amebana tumbo kwa mikono miwili, na damu inapita katikati ya vidole kana kwamba mikono haipo.

"Dada asijue ni mumewe," akaniambia.

Kaka alifia mgongoni mwangu kabla ya kufika kwenye gari. Nyati aliliwa na fisi. Dada aliambiwa ni pembe ya nyati, hakuuliza zaidi. Shemeji bado anawinda, na risasi anazotumia ni zilezile ndefu.