Mwandishi wa Laila

Ijumaa, saa tisa alasiri, Beldina alimpigia Laila simu kwa mara ya nne. Saa kumi na moja mlango wa idara ungefungwa, na ambaye hangekuwa amewasilisha mradi wake, basi, chuo angekiaga.

"Huyo mwandishi wako bado hajaleta?"

"Tulia, dada," Laila alijibu kutoka saiba yake, duka la intaneti la Kibuye. "Kazi yako nilipitisha kwa watu wangu, wakasema wanapea the best. Huyo hajawahi kuangusha mtu."

"The best gani na deadline ni leo!" Beldina alifoka, akakata simu. Wiki tatu nzima! Watu wengine kweli hawana haya.

Na ajabu ni kwamba Beldina mwenyewe alijikimu kwa kuwaandikia wenzake. Wanafunzi wa ng'ambo, ambao hakuwahi kuwaona hata kwa picha, walivuna alama za juu kwa jasho lake, na hakuwahi kuwachelewesha hata siku moja. Ila mradi wake ulimlegeza mikono. Kila alipoketi kuuandika aliiona kalamu nyekundu ya msimamizi, akafunga kompyuta na kwenda kufua nguo. Miaka miwili alikuwa wa kuanza Jumatatu. Mwishowe akampelekea Laila amtafutie mwandishi, bila kuweka jina lake kwenye faili, kwa aibu.

Simu ikalia. Alikuwa Walubengo, yule wa kumtafutia kazi za kuandika.

"Madam, ile project ya hapa Kenya nilikutumia, umemaliza? Mwenyewe analia huko."

Beldina alisonya. Faili ile hakuwa ameigusa. Neno mradi peke yake lilimtia kichefuchefu.

"Si angeandika mwenyewe? Mtu mzima mvivu hivyo!"

"Wachana na yeye. Nilikupea juu sina mwingine anaweza. Fungua tu, fanya kitu."

"Sawa, Bwana. Acha niangalie."

Aliketi kitandani, akaifungua kwa hasira. Mada ilikuwa ukaushaji wa omena katika ufuo wa Usenge.

Chini ya mada yalikuwapo maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, kama alivyomwandikia Laila: "Tafadhali nitafutie mtu mwenye kichwa. Mimi siwezi."